Tafuta Mtu Mzima Mmoja

Wanangu mnaoripoti kidato cha kwanza Januari, nanyi mtakaofuata Julai kwa kidato cha tano, na ninyi walimu vijana ambao barua zenu za kupangiwa kituo bado hazijachakaa mfukoni, karibuni tuzungumze. Sitawaanzia na lile la kuvunjika guu. Mmelisikia tangu chekechea, na mara nyingi anayelisema huwa ameficha fimbo nyuma. Mimi sina fimbo tena. Ni mwalimu mstaafu, nimemalizia utumishi nikiwa mlezi wa bweni la wasichana, na kabla ya hapo nilikuwa binti wa bweni mwenyewe, enzi zile selekesheni ilipomchukua mtoto wa Kigoma ikampeleka Tanga na waranti ya treni mkononi, asirudi kwao mpaka likizo ndefu.

Neno langu kwenu ni hili. Ukifika shuleni, kabla hata hujaizoea ratiba, hakikisha kuna mtu mzima mmoja mle ndani ambaye unaweza kumgongea mlango saa nane za usiku ukamwambia jambo la aibu. Awe matroni, patroni, nesi, mwalimu wa darasa, mpishi au mlinzi, si kitu. Usipompata, au ukiambiwa na waliokutangulia kwamba watu wa namna hiyo hawahitajiki, ujue uko mahali pa hatari, hata kama shule imeshika nafasi ya kwanza kimkoa na geti limepakwa rangi mpya.

Hatari ninayoisema si ya kutishia watoto. Usiku wa kuamkia 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, Kenya, liliungua na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, madirisha yalikuwa na nondo, na wanafunzi wawili wa shule hiyohiyo walishtakiwa kwa moto ule. Miaka miwili nyuma yake, katika shule ya wavulana ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa chumbani mwao wamelala, wakamwagiwa petroli na kuchomwa na wanafunzi wenzao. Na mwaka 1991, St. Kizito kule Meru, wavulana walitaka mgomo, wasichana wakakataa kujiunga. Usiku wakavamiwa bwenini. Wasichana 19 walikufa, na zaidi ya 70 walibakwa.

Watu wakisimulia visa hivi huanzia kwenye kiberiti. Mimi nikivisikia nafikiria wiki zilizotangulia. Mgomo haupangwi bila minong'ono. Unaanzia kwenye foleni ya uji, unahamia kwenye makaro ya kufulia, unakamilishwa vitandani taa zikishazimwa. Daima wapo watoto wanaosikia na hawataki. Nimeishi nao, nawajua: wanakosa usingizi, wanakuja kwako asubuhi wakiulizia panadoli, unawapa panadoli, wanasimama mlangoni muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, kisha wanaondoka. Wamekosa mtu wa kumwambia ambaye hatawataja majina paredi kesho yake.

Baada ya Kyanguli, kikosi kazi kilichoongozwa na Naomi Wangai kilitoa ripoti kuhusu nidhamu na vurugu katika shule za Kenya, na mwaka huohuo viboko vikapigwa marufuku kule. Baadaye, 2008, ukatoka mwongozo wa usalama unaotaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo. Yote hayo ni mazuri, na mzazi anayempeleka mtoto akaone hayo kwanza kabla ya kuuliza wastani wa daraja la kwanza. Lakini nondo unamwita fundi wa kuchomelea anakata kwa siku moja. Mtoto aliyenyamaza humfungui kwa msumeno.

Kwa nini mtoto hasemi? Sababu ya kwanza anaipata siku ya kwanza, mara nyingi kabla hajapata hata kitanda. Anaambiwa na wakubwa kwamba humu hatuchomani. Anayepeleka habari kwa walimu ni mnoko, na mnoko hakai. Hapo hapo anafundishwa kwamba yeye ni njuka, yaani mwanafunzi mgeni. Wakenya wanamwita mono, na vituko vya kumkaribisha vinajulikana: azime taa ya umeme kwa kuipuliza kama mshumaa, aendeshe gari akiwa mvunguni mwa kitanda, apige simu kwa kiatu. Wengine wakiwa wazee wanavisimulia kwenye harusi, watu wanacheka. Kwetu njuka anachota maji ya kaka zake wa kidato cha nne, anafua soksi zao, anawashikia foleni bwaloni, na ile sukari aliyofungiwa na mama yake inakwisha juma la kwanza bila yeye kuionja. Akilalamika anaambiwa: na sisi tulifanyiwa.

Sikilizeni, ninyi wakubwa. Hilo la "na sisi tulifanyiwa" limekaa mabwenini kuliko wakuu wote wa shule niliowahi kufanya nao kazi. Kila mwaka linapata watoto wapya wa kulibeba. Kama ulilia usiku ukiwa kidato cha kwanza, wewe ndiye mwenye uwezo wa kulikatisha. Mkuu wa shule hawezi, kwa sababu haingii bwenini saa tano za usiku. Na anayemwambia mgeni "usimchome mwenzako" siku ya kwanza hana huruma na mwenzake yeyote. Anajikinga yeye, mapema, kwa jambo analokusudia kulifanya.

Najua mtaniuliza: basi niripoti kila kitu? Hapana. Mwenzako akiruka ukuta kwenda kununua chapati, hiyo ni kazi ya mwalimu wa nidhamu, anaweza kuitafuta mwenyewe, analipwa kwa hiyo. Mwenzako huyohuyo akirudi na kidumu kinachonuka petroli, hukai nalo mpaka asubuhi. Jiulize swali moja: nikinyamaza, kuna mtu atakayeumia? Mwenzako anayefunga dirisha kwa shuka asome kwa mshumaa baada ya taa kuzimwa hana nia mbaya na mtu. Anaogopa kufeli. Lakini Juni 1994, Shauritanga kule Rombo, wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini, na kilichotajwa kuwa chanzo ni mshumaa.

Sababu ya pili ya kunyamaza ni nyepesi zaidi, na hii mnaweza kuiondoa wenyewe. Watoto hudhani kwa matroni utakwenda siku ya shida. Siku ya shida huendi kwa mtu ambaye hujawahi kumsalimia. Mdomo unakuwa mzito. Anza na vidogo: mwombe sindano na uzi, mpe nauli yako akutunzie, mwambie taa ya chooni imekufa. Mara ya tatu atakuwa analijua jina lako, na anayelijua jina lako ataligundua mapema pengo lako siku usipoonekana. Mwenye pumu, selimundu au kifafa asisubiri mpaka aanguke ndipo nesi wa shule amfahamu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na bwenini kinamuumbua usiku wa manane, gari la shule halina mafuta na dereva amelala mjini.

Nyumbani kwenu mna simu, najua, na mama yuko umbali wa kubonyeza tu. Shuleni simu hairuhusiwi. Basi usiku wa manane mko palepale tulipokuwa sisi tuliokuja na waranti za treni: wazazi mbali, na aliye karibu ni mgeni. Mfanye asiwe mgeni ungali mzima.

Niseme na la kikojozi, maana watu wanaona haya kuliandika. Kila mwaka wapo, wa kike na wa kiume, na si wadogo peke yao. Mtoto aliyekwisha kuacha nyumbani akifika bwenini huanza upya, kwa hofu, kwa baridi, au kwa kuogopa kuvuka uwanja wa giza kwenda chooni. Vitanda ni dabo deka. Aliye juu akikojoa, wa chini anajua kabla ya kengele. Niliona, katika shule ambayo sitaitaja, godoro la binti likiburutwa na kuwekwa mbele ya paredi ili ajirekebishe. Hakujirekebisha. Aliacha kunywa maji, baadaye akaacha kulala, akawa anasinzia darasani, akachapwa kwa kusinzia. Muhula uliofuata hakurudi, na kwenye kitabu cha mahudhurio akaandikwa mtoro.

Mlezi mwenzangu mmoja, mama asiye na cheti chochote cha saikolojia, alikuwa na njia nyingine. Mtoto wa namna hiyo alimpa kitanda cha chini karibu na mlango. Alimpa nailoni ya kutandika chini ya shuka. Alipopita kukagua madirisha saa sita, na tena saa kumi, alimgusa mguu bila kuwasha tochi usoni mwake. Na ufunguo wa uani, kwenye kamba za kuanikia, alimwachia yeye, aanike kabla wenzake hawajaamka. Nimewaona mabinti wakipita mikononi mwa mama yule mmoja baada ya mwingine wakapona bila bweni kujua lolote. Mimi nikisikia semina za siku tatu kuhusu malezi, zenye mabango na chai ya saa nne, humkumbuka yeye na ile tochi yake. Sizidharau semina. Natamani tu wangemwalika akafundishe.

Ndiyo sababu pia nilifurahi mwaka 2023 Kamishna wa Elimu wa Tanzania alipozuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Wazazi wengine walinung'unika, wana safari na biashara, na huko kwenye shule binafsi walikuwa wameshalipa ada. Lakini mtoto wa miaka saba hawezi kutafuta mtu mzima wa kumwamini kwa akili yake mwenyewe. Anampokea yeyote atakayemshika mkono. Septemba 2024 watoto 21 wa shule ya msingi walikufa kwa moto wa bweni Hillside Endarasha, Nyeri, Kenya, na tangu hapo nikiona basi la njano limejaa vitoto vyenye magodoro najikuta nahesabu vichwa.

Sasa nije kwa watu ambao wanafunzi hawawaoni. Shule ya bweni inaendeshwa na mpishi, mlinzi, matroni, mtunza stoo, dereva na yule kijana wa kuchanja kuni. Katika shule nyingi hawa si waajiriwa wa serikali. Wanalipwa kwa michango ya wazazi, na mchango ukichelewa mshahara nao unachelewa. Mwanafunzi anawaita kwa kazi zao: "we mpishi", "we mlinzi". Usifanye hivyo. Mwite mama, mwite mzee, mwite babu kama mvi zinaruhusu, na shikamoo yako isiwe ya kumrushia ukikimbilia foleni. Mpishi anajua nani hali. Anajua nani anampa mwenzake nyama kila Jumapili, na kwamba hampi kwa kupenda. Mlinzi anajua dirisha gani linafunguliwa usiku na kutoka upande gani. Habari zote ambazo mwalimu wa nidhamu anazitafuta kwa kuwaandikisha watoto barua za maelezo, jikoni zimeshapoa. Tatizo ni kwamba hakuna anayewauliza, na vikao vya wafanyakazi hawaitwi.

Onyo dogo hapa. Wapo wanaojenga urafiki na mlinzi kwa kumpa elfu mbili awaletee chipsi, au apitishe simu. Huo si urafiki. Mlinzi uliyemhonga jana hawezi kukukemea leo, wala wewe huwezi kumkimbilia kesho ukiwa na shida ya kweli, kwa sababu mmeshikana kila mtu na siri ya mwenzake.

Na onyo kubwa. Si kila mtu mzima mwenye tabasamu ni wako. Yupo anayekupa zawadi na kukuomba usimwambie mtu. Yupo anayekuita ofisini peke yako baada ya prepo kwa jambo ambalo lingeweza kusemwa mchana koridoni. Yupo anayekusimulia matatizo ya ndoa yake, nawe una miaka kumi na sita. Yupo anayesema atakuongezea alama. Wavulana msidhani hili ni la dada zenu peke yao, maana hata patroni anaweza kuwa na chumba ambacho watoto wa kiume wanakikwepa bila kusema kwa nini. Sheria ya Elimu ya Tanzania, kwa marekebisho ya 2016, inamwekea miaka 30 gerezani anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Miaka 30 ni mingi, lakini inaanza kuhesabiwa wakati binti ameshapata madhara. Mtu mzima mwema anazungumza nawe mlango ukiwa wazi, hakutaki uwe na siri na wengine, na ukimwambia "nitamwambia mama" uso wake haubadiliki.

Kwa hiyo ukishampata yule mmoja, tafuta na wa pili, kwa ajili ya siku ambayo wa kwanza ndiye tatizo. Na kama shule nzima imekufungia, iko namba 116, ya kusaidia watoto, haitozwi pesa, Tanzania ipo na Kenya ipo. Ikariri kama unavyokariri namba ya mtihani. Simu ya kuipiga utaipata kwa mwenye duka, kwa mwanafunzi wa kutwa, au kwa muumini mtakayekutana naye Ijumaa au Jumapili mkiruhusiwa kutoka.

Ninyi mtakaochaguliwa viranja, nawaonea huruma kidogo. Mtapewa tai ya rangi nyingine na chumba chenu, labda na sahani inayojaa zaidi, na mtaambiwa kwamba ninyi ni jicho la utawala. Hapo ndipo mtego ulipo. Wale vijana wanne wa Nyeri hawakustahili walichofanyiwa, na hakuna mtoto anayestahili. Lakini shule inayowaachia watoto kazi ya kuwadhibiti watoto wenzao, kuwaandika majina, kuwapigisha magoti, wakati mwalimu wa zamu amekwenda kuangalia mpira, imewaweka watoto mahali ambapo watu wazima walipaswa kusimama. Ukiambiwa umchape mwenzako, kataa. Sema kwa adabu: "Shikamoo mwalimu, hilo naomba ulifanye wewe." Kazi yako ya kwanza iwe kupandisha habari juu, kwamba bweni la pili halina maji tangu Jumanne, kwamba fulani hajala siku mbili, kwamba kuna minong'ono kuhusu nyama. Amri zitashuka zenyewe, hazihitaji msaada wako.

Kenya wamejaribu kuachana na viranja wa kuteuliwa na kuingia kwenye mabaraza ya wanafunzi wa kuchaguliwa kwa kura. Kwetu kura zinapigwa pia, walimu wakiwa wameshachuja majina. Kura ni kitu chema, ila mimi hupima baraza la shule kwa jambo lingine: je, linajibiwa? Nimekaa kwenye mabaraza ambako wanafunzi walisema, makamu mkuu akaandika, tukafunga kwa wimbo, na muhula uliofuata wakasema yaleyale kwa mpangilio uleule, makande yenye wadudu namba moja, maji namba mbili. Watoto si wajinga. Wakisema mara tatu bila jibu wanaacha kusema, na utawala unafurahi kwamba shule imetulia. Kumbe jibu lenyewe si lazima liwe "ndiyo". Nilimwona mkuu mmoja akisimama mbele ya bwalo zima na risiti mkononi: bei ya mchele imepanda, fedha tuliyo nayo ni hii, tutakula wali Jumapili tu mpaka mwisho wa mwezi, mwenye hesabu bora aje ubaoni. Vijana wawili wa mchepuo wa biashara walikwenda ubaoni kweli, wakakwama kwenye kuni. Walikula makande mwezi mzima bila mtu kutupa sahani.

Walimu vijana, sasa zamu yenu. Mmetoka chuoni na miaka ishirini na kitu, wanafunzi wa kidato cha sita wanawazidi kimo, na mzee mmoja kwenye chumba cha walimu ameshawaambia kwamba mtoto ukimchekea ataota mapembe. Hilo ndilo linalowafanya wengi wenu mkamate fimbo wiki ya kwanza. Someni kanuni kwanza. Kwa Tanzania viboko havizidi vinne, anayetoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, vinaandikwa kitabuni, na msichana anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo. Kumbe basi wengi wa wanaotembea na fimbo koridoni hawana idhini wala kitabu. Mimi ningependa hata hivyo vinne viondoke, na nilishalisema nikiwa kazini, sikupendwa. Mtoto akishakuzoea kama mtu wa fimbo, siku akiona nyoka bwenini atakuita, lakini siku akiona jambo baya zaidi ya nyoka hatakuita.

Jifunzeni majina, si ya wale wa mbele na wale watukutu tu, bali na ya wale mia wa katikati wasio na sifa wala kesi. Kwenye zamu yako kula bwaloni chakula wanachokula wao, angalau mara moja, ukae nao mezani. Mtoto akikuletea jambo zito usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu mengine sheria inakutaka uyafikishe mbele, na ukivunja ahadi hiyo umemfunga mdomo maisha. Mwambie: nitamwambia mtu mmoja tu anayeweza kukusaidia, na nitakwambia ni nani kabla sijaenda. Halafu, tafadhali, usikirudie kisa chake kwenye chumba cha walimu wakati wa chai. Siri za watoto wengi zimefia pale, kati ya maandazi na magazeti.

Na ninyi kwa ninyi mpendane, au basi mheshimiane. Mwalimu mpya anapangiwa shule ya pembezoni, nyumba hakuna, anapanga chumba kijijini, mshahara wa kwanza umechelewa, wazee wa kazi wanamtwika vipindi vyote vya jioni kwa kuwa "ni kijana". Huo ni unjuka uleule, umevaa suruali ya kitambaa. Wanafunzi wanaona. Wanajua mkuu na makamu hawasalimiani, wanajua matroni amenyimwa ufunguo wa stoo na mhasibu kwa ugomvi wa mwaka juzi. Wakitaka ruhusa wanajua waende kwa nani ili wamkomoe nani. Shule ambayo watu wazima wake wamegawanyika mafungu mawili, hata mtoto mwenye nia njema hajui habari yake ataipeleka upande gani isigeuzwe silaha. Kama una neno na mwenzako, limalizeni ofisini, mtoke mkisalimiana kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mabomba ya maji.

Wanangu, siku ya kutembelewa itafika. Mama atakuja na hotipoti, baba ataegesha gari la kuazima chini ya mwembe, wadogo zako watataka kuona kitanda chako. Kabla hamjakaa kwenye majani, mshike mama mkono mpeleke kwa yule mtu mzima uliyempata, iwe ni jikoni kwenye moshi au getini kwenye kibanda. Mwambie, mama, huyu ndiye. Wape nafasi wasalimiane kwa kirefu kama wanavyojua wao, waulizane makwao, wabadilishane namba za simu. Kama hujampata bado, mwambie mama hivyo pia, bila kuficha, ili aanzie ofisi ya mkuu wa shule. Halafu mrudi chini ya mwembe mle pilau, na sahani moja ipelekwe kule jikoni au getini ingali ya moto.